Vipimo Juu ya Sweta

Mama alikuwa ameshakata shauri kabla watoto wake hawajakutana. Alikaa kwenye kiti cha wateja, karibu na mlango wa duka la ushonaji aliloachiwa na mumewe, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri sketi yake ipigwe pasi aondoke. Binti yake alipoingia na begi la safari, hakumwuliza njiani kulikuwaje. Alimwonyesha benchi.

"Kaa hapo. Mdogo wako yuko chumba cha nyuma, anajifanya anatafuta vifungo. Leo mtaongea."

"Shikamoo kwanza, Mama."

"Marahaba. Kaa."

Binti akakaa. Kazini kwake, katika mji mwingine, alikuwa mpima ardhi. Majirani wakigombania mpaka huitwa yeye na vyombo vyake, na akishasema jiwe liko hapa, kelele zinaisha. Lakini katika duka hili hakuwahi kuitwa kwa kazi yake wala kwa jina la shuleni. Hapa aliitwa Futi, kwa sababu tangu akiwa na mapengo ya utoto ndiye aliyeshika ncha ya utepe wa kupimia na kusoma namba kwa sauti, baba yake akimpima mteja. Mdogo wake aliitwa Pasi. Jina hilo halikuhitaji maelezo: alipata moto upesi na kuchelewa kupoa.

Safari hii miezi ilikuwa imepita na bado hajapoa.

Chanzo kilikuwa mtaa wenyewe. Halmashauri ilikuwa imejenga jengo jipya la soko nje kidogo ya mji, na ilitaka mafundi wote wa mtaa huu wahamie huko: washonaji, washona viatu, wauza nyuzi na vifungo. Chama tawala kilisema wahame. Wapinzani walisema wabaki. Pasi, ambaye ndiye aliyekuwa akiliendesha duka, alivaa kofia ya chama tawala akasema wahame. Futi akaandika kwenye kundi la familia la simu kwamba kuna watu wanauza mtaa wa baba yao kwa kofia na fulana. Pasi akajibu kwamba kuna watu wanaokuja mtaani sikukuu kwa sikukuu, wanapiga picha, wanaondoka, na hao wangefaa kuuza kadi za posta. Shangazi mmoja aliweka picha ya mikono inayoomba dua. Haikusaidia. Baadaye simu za ukoo mzima zikaonyesha mstari mmoja tu: Pasi ametoka kwenye kundi.

Alasiri ya siku hii waliyoitwa na Mama, kila duka la mtaa lingepiga kura moja mkutanoni, kuhama au kubaki. Kura ya duka hili ilikuwa ya Mama.

"Sikilizeni," alisema, Pasi alipotoka nyuma na kisahani cha vifungo ambavyo havikuhitajika na mtu. "Nitapiga kura mtakavyoniambia. Lakini mtaniambia kwa kauli moja, na mtafika hapo kwa njia ya baba yenu. Mkishindwa, mimi narudi nyumbani kulala. Duka litakuwa bubu, na nyinyi mtaendelea kununiana mpaka mzeeke."

"Mama, huyu ameshaamua," Pasi alisema, akimtazama Mama. "Hata salamu hajanipa."

"Wewe ndiye mdogo," Futi alisema, naye akimtazama Mama. "Mdogo ndiye anayeanza."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Haya," Mama alisema. "Hilo limekwisha. Nani anampima mwenzake kwanza?"

Macho ya Futi yalikuwa yamekwenda ukutani, mahali ilipotundikwa suti kubwa ya kijivu ambayo katika maisha yake haikumkaa mtu yeyote.

Suti hiyo ilikuwa ya Fundi Saa. Kibanda chake cha kutengenezea saa kilikuwa ukuta kwa ukuta na duka, na kwa kuwa yeye na Mama walitoka sehemu moja, alimwita Mama dada na Baba akamwita shemeji. Kwa ushemeji huo alijipa ruhusa ya kusema lolote. Baba alikuwa mtu wa chama tawala na hakuficha. Fundi Saa alikuwa mpinzani tangu enzi ambazo kulikuwa hakuna chama cha kumpokea.

Kila asubuhi jua liliingia kwa dirisha la mashariki. Lilianzia ukutani, likashuka juu ya meza ya kukatia, likatambaa kwenye kitambaa bila haraka. Kabla ya kukata, Baba alikuwa akiupitisha mkono ndani ya mwanga huo, mara moja, kama anayeonja joto la maji. Chumba kilinuka chaki, mafuta ya cherehani na kitambaa kilichopigwa pasi ya moto. Mwanga ulipofika kwenye mkasi mkubwa, uliolazwa daima mahali pale pale, chai ilikuwa tayari na Fundi Saa alikuwa mlangoni.

"Nina saa ukuta mzima," alikuwa akisema, "na hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake. Nimekuja kuangalia saa ya shemeji."

Akakaa, akapewa kikombe, na siasa zikaanza.

Mwanzoni zilikuwa siasa kama za watu wote. Mmoja alisema hili, mwingine akajibu jambo lingine ambalo halikusemwa, sauti zikapanda, vikombe vikagongwa mezani, na mteja aliyekuja kuchukua gauni akaondoka bila kulijaribu. Yaliyobadilisha mambo yalianza siku moja ya baridi, Fundi Saa alipokuja kushonewa suti ya kumwoza binti yake. Wakati huo mji mzima ulikuwa ukibishana juu ya maji, maana halmashauri ilitaka kulikabidhi shirika la maji kwa kampuni. Baba alipima huku akibishana. Fundi Saa alipimwa huku akibishana. Futi alishika ncha ya utepe na kusoma namba za kifua, bega, kiuno. Aliona ni kubwa kuliko mwili wa mtu yule mkavu, lakini alikuwa mtoto, na watu wazima waliokuwa wakigombea maji hawakuwa na nafasi ya kumsikia.

Suti ilipokwisha, Fundi Saa alisimama mbele ya kioo. Mabega yalikuwa na nafasi ya bwana harusi pia. Alijigeuza kushoto, akajigeuza kulia, suti ikachelewa kugeuka naye.

"Shemeji," alisema, "ulinipima juu ya sweta."

Baba alishika mdomo.

"Na ndivyo unavyonipima kila siku. Unabishana na sweta. Mimi mwenyewe niko ndani huku, hata hujanigusa."

Baba alicheka mpaka akaishika meza. Alipopata pumzi alifuta macho, akavuta kiti, akakaa mbele ya Fundi Saa, jambo ambalo hakulifanya kwa mteja.

"Haya, vua sweta. Kwenye hili la maji unasema nini hasa? Unasema kampuni ni wezi."

"Inabana. Sijamwita mtu mwizi."

"Unasema maji ni ya umma, basi yabaki yalivyo."

"Inapwaya. Hiyo utamvika kila mtu. Nusu ya maji yanavuja njiani, nayaona kwa macho yangu. Nani anataka yabaki hivyo?"

Baba aliinamisha kichwa. Futi alikumbuka vizuri kimya kile, kwa sababu hakuwahi kukisikia katika mabishano ya watu wazima: kimya cha mtu anayetafuta, si cha mtu anayesubiri zamu yake.

"Unasema kampuni ije," Baba alisema taratibu, "ila mkataba hauna kifungu cha kuiondoa ikishindwa kazi. Ni kama kununua saa ambayo hata ikisimama kesho huruhusiwi kuirudisha."

Fundi Saa alilegeza mabega ndani ya suti yake kubwa.

"Imekaa," alisema. "Sasa kata."

Baba akakata. Alisema kampuni inayoweza kufukuzwa siku yoyote haitaingiza fedha ya kung'oa mabomba ya zamani. Itapaka rangi matangi na kuondoka. Hoja ilikuwa nzuri, na Fundi Saa hakuruhusiwa kuijibu kabla ya kuipima naye mpaka Baba aseme imekaa. Chai ilipoa siku hiyo, na siku nyingi baada yake.

Tangu hapo ikawa sheria ya duka. Hukati kabla ya kupima, na anayesema vipimo ni sawa ni yule aliyepimwa. Hakuna aliyehama chama. Lakini jioni nyingine Baba alirudi nyumbani akamwambia Mama, "Leo ndugu yako kanishinda pale kwenye kifungu," kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Suti haikupunguzwa. Fundi Saa aliivaa harusini akawavunja watu mbavu, akaivaa mikutanoni, na alipozeeka akafunga kibanda, aliirudisha dukani itundikwe ukutani iwakumbushe wenye mkasi. Wazee hao wawili waliaga dunia karibukaribu. Kibanda sasa kilikuwa cha vijana wa kutengeneza simu.

"Nitapima mimi," Futi alisema.

"Subiri," Mama alisema. "Pasi, vua kofia."

"Mama, kofia ina kosa gani?"

"Sitaki apime juu yake. Na wewe, Futi, rudisha simu mkobani. Najua umekuja na michoro yako."

Futi alikuwa ameshaifungua kweli. Akairudisha. Pasi alitazama huku na huku, akaitundika kofia kwenye bega la suti ya Fundi Saa, ikakaa pale kama ndege aliyepotea njia.

"Pasi anataka kuhama," Futi alianza, "kwa sababu chama chake kimesema watu wahame."

"Inabana," Pasi alisema. "Inabana mpaka kwapani. Nilitaka kuhama kabla chama hakijasema. Kofia nilipewa baadaye."

"Sawa. Anataka kuhama kwa sababu jengo ni jipya. Lina vyoo, lina umeme wa uhakika, lina pa kuegesha magari. Anataka maendeleo."

"Inapwaya. Hotuba ya diwani hiyo. Mvike diwani."

"Basi sema mwenyewe unataka nini!"

"Ukishasema sema mwenyewe, umeshindwa kupima," Pasi alisema, na kwa mara ya kwanza alitabasamu, tabasamu baya la mdogo mtu aliyepata nafasi. "Mpima ardhi mzima."

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Futi, kali, lililonyooka, na alijua lingeingia mahali pake. Alijua pia kwamba lilikuwa jibu la kundi la simu. Alilimeza.

"Baba yenu alikuwa anamwambia mtu asimame wima kwanza," Mama alisema, kama anayejisemea. "Kisha anamzunguka. Alikuwa hapimi akiwa amesimama mahali pamoja."

Futi akafikiri jinsi anavyofanya kazini. Huanzi na mpaka. Unauliza lini mara ya kwanza mtu aliona jiwe limesogea.

"Lini ulianza kutaka kuhama?"

Pasi hakulitarajia swali hilo. Alikuna shingo.

"Mwaka juzi. Lile ghorofa la mbele lilipofika orofa ya tatu."

"Ghorofa limefanya nini?"

"Njoo."

Alimpeleka kwenye meza ya kukatia. Akavuta droo, akatoa bobini kadhaa za uzi, akazimwaga juu ya kipande cha kitambaa cha bluu iliyokolea, cha sare za shule. Kisha akanyoosha mkono akazima taa ndefu nyeupe iliyokuwa ikining'inia juu ya meza.

"Nichagulie uzi mweusi."

Hapo ndipo Futi alipogundua kwamba taa ilikuwa inawaka tangu alipoingia. Ilikuwa asubuhi, mbingu haikuwa na wingu, na taa ilikuwa inawaka. Aliinama. Uzi wote ulikuwa na rangi moja, rangi ya kivuli. Aligeuza bobini moja, akaiweka chini, akachukua nyingine, akaisogeza dirishani. Dirishani kulikuwa na ukuta wa saruji wa ghorofa, karibu kiasi cha kuonekana alama za mbao za mafundi waashi.

"Huu hapa."

Pasi akawasha taa. Uzi mkononi mwa Futi ulikuwa wa bluu.

"Ndivyo nilivyofanya mimi," Pasi alisema. Moto ulikuwa umemtoka kwenye sauti. "Na hata hiyo taa siku nyingine hudanganya. Nilishona sare za shule nzima, pindo za bluu kwa uzi mweusi. Watoto wakasimama juani uwanjani, mwalimu mkuu akaona mistari kama wamechorwa kwa kalamu. Nguo zote zikarudi. Nimefumua mpaka kucha zikauma. Sikumwambia mtu, hata Mama."

"Mimi nilijua," Mama alisema. "Nilikuona unafumua."

Futi alibaki ameshika bobini. Kwa miezi alikuwa ametetea chumba hiki, na kila alipoandika neno juu yake aliuona mwanga ukishuka kwenye meza, ukitambaa kuelekea mkasi. Aliuona hata jana usiku ndani ya basi. Lakini kila alipokuja siku hizi alifika jioni, au siku ya sikukuu, wakati ambapo hakuna duka lenye mwanga na hakuna anayeuliza. Ukweli ulikuwa mwepesi kupimwa: dirisha liko, jua halipo. Mtu wa kazi yake alipaswa kuliona hilo akiwa bado barabarani, na lilimuuma zaidi kuliko maneno ya kadi za posta.

Bila kukusudia aliupitisha mkono juu ya kitambaa, mara moja. Hakukuwa na kitu cha kupitia.

"Pasi anataka kuhama," alisema, akichagua maneno, "kwa sababu kazi hii inafanywa na macho. Baba alilichagua duka hili kwa ajili ya dirisha, na dirisha limekufa. Anaona duka lenyewe limeshahama zamani, zimebaki kuta, na dada yake anampigania abaki na kuta."

Pasi alijishughulisha na kukusanya bobini.

"Imekaa," alisema. "Kata."

"Sasa naweza kutoa simu?"

"Toa," Mama alisema.

Futi alitoa mchoro wa jengo jipya, akaukuza. Hii ilikuwa lugha yake. Alimwonyesha mdogo wake ukuta wa mashariki, ukuta wa magharibi, na safu mbili za vyumba vya katikati vilivyopeana migongo.

"Hesabu madirisha. Nusu ya vyumba havina hata tundu. Na vyumba vinagawiwa kwa bahati nasibu, washonaji pamoja na wauza sufuria. Unaweza kuacha giza la hapa ukaenda kupangiwa giza la kule."

"Haiwezekani. Diwani alisema kila fundi atapata dirisha."

"Alisema wapi?"

"Mkutanoni. Tulipiga makofi."

"Imeandikwa?"

Pasi aliutazama mchoro kwa muda mrefu. Alizungusha simu, kana kwamba dirisha lingejitokeza akiishika kwa upande mwingine.

"Kumbe na mimi nilimpima diwani juu ya sweta," alisema.

"Juu ya koti, sweta na shuka," Mama alisema. "Mtu yule namjua tangu anagawa maneno bure. Haya, zamu yako. Mpime dada yako."

Pasi alimzunguka Futi kweli, mara moja, mikono nyuma kama Baba, na Mama akaficha mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Futi hataki tuhame," alisema, "kwa sababu wapinzani hawataki."

"Inabana."

"Nilikuwa najaribu tu. Ngoja." Aliegemea meza. "Futi hataki tuhame kwa sababu mtu haji mtaa huu kwa ajili ya Pasi. Anakuja na kitambaa, anapata vifungo mlango wa pili, zipu mlango wa tatu, viatu anaviacha kwa jirani, na akisubiri anajikuta ameshonesha na nguo ambayo hakuipanga. Tukigawiwa kwa bahati nasibu, mshonaji orofa ya juu, muuza vifungo upande wa pili, tutakuwa watu walewale lakini mtaa utakuwa umekufa. Na mtaa ukishavunjwa hauwezi kushonwa tena kama sare."

Futi hakuwa amewahi kulisema vizuri hivyo. Katika ujumbe wake wote wa simu, hakuwa amelisema kabisa. Alikuwa amesema kofia na fulana.

"Imekaa," alisema.

"Sijamaliza. Na pia kwa sababu hapa ndipo alipojifunza kusoma namba. Tukihama, akirudi nyumbani hatakuwa na pa kukaa."

"Hapo inapwaya. Hilo la mwisho litoe."

"Silitoi."

"Anayepimwa ndiye anayesema! Sheria ni sheria. Mama, mwambie."

Mama alimtazama binti yake, benchi aliyokalia, begi lake la safari lililosukumwa chini ya meza ya kukatia mahali pale pale alipokuwa akisukuma mkoba wake wa shule.

"Mimi," alisema, "naona imekaa."

Pasi alicheka. Futi alijaribu kununa, akashindwa, akacheka pia. Cherehani ya fundi wa jirani ilisikika ikikimbia na kusimama, ikikimbia na kusimama.

"Sasa nijibuni," Mama alisema. "Wazee watakuwa wameshapanga viti. Nikaseme nini?"

Futi aliwaza kama anavyowaza mbele ya mawe mawili ya mpaka yanayodai jambo moja. Hoja yake juu ya mtaa ilikuwa nzito, lakini ilihusu jinsi ya kuhama, na jinsi hiyo inaweza kubadilishwa halmashauri ikibanwa. Hoja ya Pasi ilihusu ukuta wa saruji, na ukuta ule haungebomolewa kwa kura ya mtu. Na mapenzi yake kwa chumba hiki hayakuwa na namba ya kuandika popote.

"Sema tunahama," alisema.

Pasi alimgeukia.

"Lakini kabla ya kura," Futi aliendelea, "mimi na wewe tunasimama mkutanoni pamoja. Tunaomba iandikwe, isisemwe tu, kwamba wenye sindano wapewe vyumba vya dirisha, na wanaotegemeana wapangwe jirani. Mshonaji, vifungo, zipu. Mchoro ninao."

"Watasema umetumwa na wapinzani."

"Ndiyo maana utasema wewe. Uvae kofia."

"Na wapinzani watasema nimekununua."

"Basi nitasimama karibu nawe wachanganyikiwe."

"Wakikataa kuandika?"

Swali lilikuwa halali, na Futi hakulikwepa. "Wakikataa, Mama anasema tunabaki, na sisi tunatafuta chumba kingine chenye jua, hata kwa kupanga. Hilo unalikubali?"

Pasi alitafuna shavu lake kwa ndani, kama Baba alivyokuwa akifanya akiwa na pini mdomoni.

"Nalikubali."

"Kwa kauli moja?" Mama aliuliza.

"Kwa kauli moja."

Mama alifunga mkoba kwa sauti. Lakini Futi alikuwa tayari amechukua utepe shingoni mwa mdogo wake, akauvuta juu ya meza ya kukatia. Pasi, bila kuambiwa, alishika ncha.

"Unafanya nini?"

"Vyumba vya dirisha ndivyo vyembamba. Nataka nione kama hii itaingia kwa upana." Alisoma namba kwa sauti, kama zamani, kisha akaitazama simu, akasoma tena. Uso ulimbadilika. "Haiingii. Inazidi kiganja kizima."

Meza ile Baba aliitengenezesha humohumo chumbani, kwa mbao nzito, na ilikuwa na alama za mkasi wake ukingoni. Pasi alipapasa ncha aliyoishika. Mikono ilisimama mahali ambapo ubao ulikuwa umevikwa blanketi nene la kupigia pasi, na turubai juu yake, vikakunjwa na kupigiliwa misumari pande zote mbili, tabaka juu ya tabaka, mwaka baada ya mwaka.

"Jamani," Mama alisema kutoka mlangoni, "mvueni sweta kwanza."

Pasi alileta koleo. Misumari ilitoka kwa kulalamika, ikifuatwa na vumbi la chaki ya rangi zote ambazo Baba aliwahi kutumia. Blanketi la mwisho lilipodondoka, ubao ulikuwa mweupe na msafi, kana kwamba umekatwa wiki iliyopita. Walivuta utepe tena, yeye huku, mdogo wake kule.

"Sasa?" Pasi aliuliza.

"Bado inabana."

"Kiasi gani?"

Futi aliinama mpaka pua ikakaribia utepe, maana hata kwa taa mwanga haukutosha.

"Kidole."

"Kidole tu?" Pasi alisema, akaichukua kofia yake begani mwa suti. "Kidole napiga randa."